Pua ya Kamisi na Barafu Inayowaka

Mume wangu Kamisi anachimba visima kwa mashine, na wenzake kazini wanasema ana pua. Mashine ikitoa udongo kutoka chini, kila mita tatu wanachota koleo moja na kuumwaga pembeni, vichuguu vidogo vimepangwa mstari, ili msimamizi aje asome ardhi ilivyo. Kamisi hangoji msimamizi. Anainama, anachukua udongo kiganjani, anaupeleka puani, halafu anasema, "Bado," au, "Maji iko karibu." Mara nyingi anapatia. Kwa hiyo kampuni yao ilipopata kazi ya baharini, jina lake lilikuwa miongoni mwa majina manne.

Barua ilitufikia Awindiri, mtaa wa mjini tunakopanga, siku ya Jumamosi. Meli itakaa baharini miezi minne, itatoboa sakafu ya bahari na kutoa vipande vya barafu yenye gesi ndani yake. Jibu litolewe kabla ya Ijumaa kwisha. Pamoja na barua kulikuwa na kijitabu cha usalama, kurasa arobaini, Kiingereza kitupu.

Kamisi alikwishaamua. Akirudi kutoka kazi hiyo ataitwa fundi, siyo kibarua wa koleo. Lakini kuna mama yake, Mama Aidah, kule Abuku upande wa Koboko, na Kamisi hawezi kuondoka bila neno lake.

Sababu ni Ladu. Ladu alikuwa kaka yake mkubwa, mchimba visima kwa mikono. Asubuhi moja alirudi kwenye kisima alichokifunika siku mbili kwa sababu ya mvua. Alifunua, akainamisha kichwa, akawaambia watu, "Inanuka kidogo tu," akashuka. Hewa ya chini ilikuwa mbaya. Walimtoa kwa kamba, akiwa amekwisha. Baada ya mazishi Kamisi alimwapia mama yake kwamba hatashuka kwenye shimo maisha yake yote. Ndiyo maana alikwenda kwenye mashine. "Mashine inashuka, mutu anabaki juu," alimwambia, na kwa miaka sita maneno hayo yamemtosha mama.

Sasa tukampigia simu na kumweleza habari ya meli. 

"Mama Sadiya iko hapo?" akauliza.

"Niko, Mama."

"Wewe unasoma shule ya jioni. Hiyo kitabu soma yote. Kisha kuja hapa, uniambie na mdomo yako. Ukisema aende, ataenda. Ukisema akae, atakaa."

Simu ikakatwa. Kamisi akaniangalia nikimfunga binti yetu Sadiya kanga kiunoni.

"Umesikia? Leo wewe ndiyo bosi yangu."

"Na nikisema ukae?"

"Hutasema." Alicheka, lakini chai yake aliiweka chini bila kuinywa.

Ni lazima niseme jambo moja hapa. Niliacha shule kidato cha pili nikiwa na mimba ya Sadiya. Aliyeniandikisha masomo ya jioni ni Kamisi mwenyewe. Wiki anazokuwa nyumbani, yeye ndiye anamwogesha mtoto na kumpa uji ili mimi niwahi darasani Mvara saa kumi na moja. Kiingereza nilichokuwa nacho cha kusoma kijitabu hicho kilitoka mikononi mwake. Nilikiweka kijitabu kwenye mkoba pamoja na daftari la jiografia, na mkoba ukawa mzito kuliko siku zote.

Jumatatu, darasa lilipokwisha, nilimwonyesha Mwalimu Anguzu ile barua. Ni mwalimu mstaarabu, shati lake lina chaki hata siku za likizo. Wanafunzi wawili watatu wakabaki, akiwemo Ocama, mlinzi wa lango la ghala moja mjini, ambaye huja darasani na sare yake. Ocama ni Mwalur, mimi Mlugbara, kwa hiyo tukifunga vitabu tunaongea Kiswahili.

"Barafu inayowaka," Mwalimu akasema, akachora mstari wa bahari ubaoni. "Umeona mapovu kwenye maji ya kinamasi? Ile ni gesi ya vitu vilivyooza. Sasa fikiria mapovu hayo yako chini kabisa ya bahari. Kule kuna baridi, na maji ya juu yana uzito wa ajabu. Baridi na uzito vinaibana ile gesi pamoja na maji mpaka vinakuwa kitu kimoja, cheupe, kama barafu. Ukikileta juu na kukiwasha kiberiti, kinawaka huku kinadondosha maji."

"Mwalimu, huku kwetu tungeweka kwenye juisi," Ocama akasema.

"Ungekunywa juisi ukiwa peke yako, sisi tumekimbia." Alisubiri kicheko kiishe. "Debe moja la kitu hicho, likiyeyuka, linatoa gesi ya kujaza madebe mia moja na sitini. Ndiyo maana nchi zisizo na mafuta zinakitamani. Wengine wamejaribu kuitoa hiyo gesi, ikatoka siku kadhaa, wiki kadhaa. Lakini kuigeuza biashara ya kila siku, bado hakuna aliyeweza."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu ni mgeni asiyependa kuhamishwa. Ukimpunguzia uzito, anayeyuka. Ukimpa joto, anayeyuka. Na gesi yake ikifika hewani inaipasha dunia joto kuliko moshi wa magari. Halafu kuna sehemu ambako barafu hiyo ndiyo gundi ya mchanga kwenye miteremko ya bahari. Gundi ikiyeyuka, mteremko unaweza kuporomoka. Kiasi gani, lini, wataalamu bado wanabishana. Nisikudanganye, Daisy, mimi sijui."

"Na mtu aliyesimama juu ya meli, anayepokea vipande?"

Mwalimu alifuta ubao taratibu. "Hilo haliko kwenye silabasi. Liko kwenye kijitabu chako."

Nilikisoma Jumanne, Sadiya akilala mgongoni. Maneno mengine niliyatafuta kwenye kamusi, mengine nikayakisia. Kofia, viatu, kamba, ngazi. Kila mfanyakazi atavaa kifuani kifaa kidogo kinacholia gesi ikitokea. Nilikuwa nimeanza kupumua vizuri. Ukurasa wa ishirini na tatu ukanisimamisha.

Ulisema kwamba vipande vikitoka tu baharini vinaweza kutoa gesi nyingine pamoja na ile ya kuwaka, gesi ya sumu yenye harufu ya yai bovu. Ikiwa kidogo, unaisikia. Ikizidi, pua inakufa, huisikii tena, na unadhani imekwisha. Kwa hiyo, kijitabu kikasema kwa herufi nene, usiiname juu ya kipande kipya, na usiiamini pua yako kamwe.

Nilitazama ukutani, kwenye picha yetu ya arusi, na pua ya Kamisi ndani yake.

Alipoingia akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Iko sawa?"

"Nitasoma mbele ya Mama."

 Alikuwa amenunua mkoba mpya wa safari. Aliuficha nyuma ya mlango kama vile mimi sina macho.

Jumatano mchana tulifika Abuku. Mvua ilikuwa imepita, njia ya kuingilia nyumbani ilikuwa na utelezi, na Sadiya alimkimbilia bibi yake akaanguka mara mbili. Mama Aidah alikuwa uani akichemsha mafuta ya shea, yatokayo kwenye kokwa za mti. Ni mwanamke mfupi, mjane wa askari. Kiswahili chake alikipata kambini enzi za mumewe, na mpaka leo anakitumia kama amri. Yeye ni Mkakwa, kwetu sisi ni Walugbara, basi hicho Kiswahili cha kambi ndicho kilichotufanya mama na binti.

"Kaa hapo. Sadiya apewe karanga. Kamisi, wewe kaa mbali na hiyo kitabu. Mama Sadiya, soma."

Nilisoma kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, nikageuza kwa Kiswahili. Aliendelea kukoroga kwa mwiko mrefu, na alikuwa akisikiliza, maana mara kwa mara alinikatiza.

"Hiyo kofia, iko ya chuma?"

"Ya plastiki ngumu, Mama."

"Ya jeshi ilikuwa chuma. Endelea."

Nikaendelea. Kamisi alikuwa amekaa kwenye jiwe la kunolea visu. Kila nilipofungua ukurasa alitikisa kichwa kuniunga mkono. Nilifika ukurasa wa ishirini na mbili. Nikauona mkoba wake mpya, aliokuja nao. Nikakumbuka jioni zote ambazo amenisukuma mlangoni akisema, nenda, utachelewa, mtoto niachie. Nikashika karatasi mbili pamoja, nikazifungua, nikaanza kusoma habari za maboya ya kujiokolea.

Mwiko ukasimama.

"Mama Sadiya."

"Naam, Mama."

"Hapo umefungua mbili."

"Zimeshikana, Mama."

"Lamba kidole."

Hajui kusoma herufi hata moja, lakini karatasi alikuwa akizihesabu. Nililamba kidole. Nikarudi nyuma, nikasoma ukurasa wa ishirini na tatu wote, pamoja na herufi nene. 

Kamisi aliinuka. "Hiyo imeandikwa kwa watu hawajui kazi! Mimi miaka sita nanusa udongo. Nani amekufa?"

"Ladu alinusa," mama yake akasema.

 Sadiya alikuja akamwekea baba yake karanga moja mkononi, akarudi zake. Mama Aidah alichuja mafuta kwenye beseni, akayaacha yapoe, akasema tutaongea asubuhi kwa sababu kuna kitu hajaelewa bado.  Kwa mama nilikuwa nimeficha. Kwa Kamisi nilikuwa nimefichua.

Asubuhi ya Alhamisi ilikuwa ya baridi, ukungu umeshika mihogo. Mama Aidah aliniita uani peke yangu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, magumu.

"Nieleze tena hiyo barafu. Gesi ni kitu ya kukimbia. Kwa nini inakubali kukaa chini?"

Nilianza kueleza baridi na uzito, nikaona maneno ya Mwalimu yananitoka yakiwa makavu. Basi nikachota mchanga wa mlangoni, nikauchanganya na mafuta yaliyoganda, nikaukandamiza kwenye sinia niliyoiinamisha juu ya jiwe. Ulikaa kama mteremko mdogo. Nikautikisa, haukusogea.

"Hii ni sakafu ya bahari, Mama. Mafuta ndiyo barafu. Maadamu kuna baridi, yanashika mchanga."

Aliinama kutazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hii ni ukuta yangu!"

"Ukuta gani, Mama?"

"Wakati ule wewe hujaolewa bado. Watu wote walipaka ukuta na machicha ya shea, yale yanabaki ukishatoa mafuta. Mimi nikataka ya kwangu ing'ae. Nikamwaga mafuta yenyewe ndani ya udongo, debe nzima. Ilikuwa mwezi wa nane, baridi. Ukuta ikawa ngumu, nzuri, wanawake wakaja kuangalia. Nikajivuna kabisa! Januari jua ikapiga. Saa sita mchana, plasta yote ikateremka mara moja, puu, juu ya kuku wangu. Kuku wanne!"

Kamisi alitokea mlangoni na mswaki mdomoni. "Watano. Na jogoo ya jirani."

"Jogoo ilikuwa na tabia mbaya," mama yake akasema, na hapo sote watatu tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana.

Jua lilipopanda tulikuwa bado tumekaa tukiitazama sinia. Kwanza mafuta yaling'aa pembeni. Kisha mchanga ukapasuka mstari mmoja mwembamba, na upande wa chini ukateremka polepole, ukaanguka chini. Sadiya akapiga makofi.

"Na hawa watu wa meli," mama akauliza, "wanataka kutoa gundi yote?"

"Wengine wanataka, kwa sababu ni moto wa kupikia nchi nzima. Wengine wanasema iachwe. Meli ya Baba Sadiya inatoa vipande tu, ili wajue iko wapi na imeshika nini."

"Vipande tu," Kamisi akaongeza.

"Mimi pia nilianza na ukuta moja." Alichukua mwiko wake, akaufuta. "Sasa sema. Aende, ama akae?"

Nilikuwa nimeamka nikiwa na majibu mawili, na lile la kubaki lilikuwa tamu mdomoni. Nikisema akae, atakuwa nyumbani, atamwogesha Sadiya, na hakuna atakayenilaumu. Lakini kwenye kijitabu nilikuwa nimeona watu wanaoogopa jambo sawasawa, wakaliandika kwa herufi nene. Kisima cha Ladu hakikuwa na kijitabu. Hakikuwa na kifaa cha kulia. Kilikuwa na pua tu.

"Mama, kazi ina hatari, na hatari wanaijua. Wameweka mashine ya kunusa badala ya mtu. Mtu akiifuata, naamini atarudi. Mimi naogopa kitu kimoja tu, na hicho hakiko baharini. Kiko hapa." Nikaonyesha uso wa mume wangu. "Akiweza kuiacha pua yake, aende. Asipoweza, akae. Hilo ndilo neno langu."

 Mama Aidah akachovya mkono kwenye chungu cha machicha, akatoa bonge lenye joto, akamtupia mwanawe.

"Shika!"

Alishika, na kabla hajajua anafanya nini, bonge lilikuwa puani.

Mwiko ulimpata kwenye kiwiko. "Umekufa."

"Mama! Hiyo ni shea!"

"Umekufa. Rudi, tuanze tena."

Siku hiyo nzima tulifanya kazi hiyo. Mama alimpa udongo wa bustani, majivu, unga wa muhogo, tope la kisimani. Alimpa akiwa anaongea na mtu mwingine. Alimpa akiwa anakula. Kamisi alikufa mara saba kabla ya adhuhuri, na kila mara alikasirika kidogo zaidi, kwa sababu hakuwa akijua mkono wake unavyokwenda wenyewe. "Haki ya Mungu, sikutaka," alisema baada ya kifo cha tano, akiutazama mkono kama wa mtu mwingine. Nadhani hapo ndipo alipoogopa kweli, na mimi nikafurahi kwamba ameogopa. Sadiya alichukua sehemu yake ya kazi. Alimfuata baba yake uani akimwambia, "Hapana nusa, Baba," hata alipokuwa ameshika kikombe cha chai.

Jioni, baada ya sala, Kamisi alikuwa amekaa kwenye jiwe lake. Nilikwenda nyuma yake kimya, nikampa kiganja cha udongo mweusi, mbichi, kutoka kwenye shimo la taka. Mkono wake ulipanda. Ukafika kifuani. Pale ukasimama, pale ambapo kifaa kitakuwa, kisha akaunyoosha mbele mpaka mwisho, akageuza uso pembeni.

"Sijui hii ni nini," akasema. "Tuulize mashine."

Mama Aidah alikuwa anatazama kutoka jikoni.  Alikuja, akaweka viganja viwili juu ya kichwa cha mwanawe, akasoma dua ndefu, mpaka mchuzi ukaungua. Asubuhi ya Ijumaa Kamisi alipanda juu ya kichuguu ambako mtandao hushika, akajibu barua.

Aliondoka mwezi uliofuata. Meli ina mtandao siku moja kwa wiki, na ujumbe wa sauti wa kwanza ulinikuta Mvara, kwenye ngazi za darasa. Sikuusikiliza peke yangu. Jumamosi nilikwenda Abuku, tukakaa uani, Sadiya katikati yetu, nikaweka simu juu ya sinia.

Sauti yake ilikuwa na upepo ndani. Alisalimia watu wote kwa majina. Akasema chakula ni wali kila siku. Akasema siku ya Jumanne walitoa kipande cha kwanza chenye barafu, kirefu kama mkono, cheupe kati ya tope. Kilikuwa kinatoa sauti, chwiii, kama mafuta ya Mama kwenye sufuria. Vifaa vikalia, wakangoja mpaka vikanyamaza. Baadaye bosi wao alichukua kijipande mbali kule, akakiwasha, na kikawaka mkononi mwake juu ya glavu, moto juu na maji yakidondoka chini. Wenzake wote walikisogelea kutazama. "Mimi nilisimama mbali," Kamisi alisema. "Bosi akanicheka, akaniuliza, wewe Koboko, mbona umeshika mikono nyuma kama mfungwa?"

Ujumbe ukaisha. Mama Aidah aliitazama simu.

"Rudisha pale alisimama."

Nikarudisha. Akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Muulize," akasema, "alisimama hatua ngapi."

Niliandika swali. Jibu lilikuja wiki iliyofuata, neno moja tu na picha ya bahari tupu. Nilimpigia Mama simu papo hapo kutoka Awindiri, uji wa Sadiya ukichemka, mkoba wangu wa shule begani.

"Kumi, Mama. Anasema kumi."

"Kumi," akarudia taratibu. Nilisikia mwiko ukianza tena kukoroga. "Basi nenda shule, binti yangu. Utachelewa."